Shingo ya Bata wa Bi. Mize

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa wapi?

Pakawa uani.

Uani pana nini?

Pana mabata na pana maneno. Mabata tuachie, maneno tupe.

Basi sogeeni. Hapo zamani, wala si zile zamani za majini na wafalme, ni zamani za karibu tu, watu wakivaa ndara na kudanganyana kama sasa, palikuwa na mzee mmoja katika kijiji cha mikarafuu huko Pemba. Jina lake Mzee Ngwali. Alikuwa mtu wa kutembea. Alifika Tanga, alifika Kigoma, alifika mpaka Bukavu, na kila alikofika alirudi na koti moja na ushauri kumi. Koti likichakaa alilitupa. Ushauri hakuutupa hata mmoja.

Kazi yake pale kijijini ilikuwa kupatanisha. Mume na mke wakigombana, Mzee Ngwali. Ndugu wakigombea shamba, Mzee Ngwali. Majirani wakitupiana takataka, Mzee Ngwali. Na dawa yake ilikuwa moja: sinia. Aliwaketisha mahasimu kwenye sinia moja la wali akawaambia, "Kuleni. Mikono ikigongana, mioyo italainika." Wakila walipatana. Au walinyamaza kwa sababu midomo imejaa. Mzee hakuwahi kubaki mpaka mwisho akajua ni lipi kati ya hayo mawili.

Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nyumbani alikuwa na binti zake watatu, watu wazima, ndimi zao nyepesi. Mwanawe wa kiume alikuwa Unguja akipiga plasta, na mke wa huyo mwanawe, Mboja, aliishi pale na wale mawifi zake. Mboja alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwita anaitika, ukimtuma anakwenda.

Sasa tegeni sikio hapa, msije mkaniuliza mbele. Kwa kina Mboja kuna mila. Binti akiolewa haendi peke yake, huenda na kiumbe hai. Mwengine huenda na mbuzi, mwengine na kuku. Mboja alikwenda na bata dume, mweupe kama sufi. Mama yake, Bi. Mize, alimkabidhi Mzee Ngwali mkononi akasema, "Mkwe, huyu si wa kuchinjwa wala wa kugawa. Siku nikija kutembea sitamhoji mwanangu mbele za watu, nitamwaibisha bure. Nitamtazama bata. Nikimkuta bata hana hali, mwanangu atafunga nguo zake, na hatutagombana."

Mzee akacheka. "Mkwe, kwangu hata chawa hunenepa."

Bata akaitwa Zawadi, akatiwa uani pamoja na wenzake. Uani palikuwa na majike watatu, na madume watatu. Dume mkubwa kifua mbele, Jemadari. Anayemfuata, Pili. Wa mwisho, Kombo. Wote walilishwa pumba kwenye sinia moja kuukuu la bati, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na imani yake.

Mwaka ukapita. Ijumaa moja ikaja salamu: Bi. Mize atafika Ijumaa ijayo.

Mzee Ngwali akatoka barazani, akaenda uani kumwangalia Zawadi. Akamwona. Akakaa kitako chini.

Shingo ya Zawadi haikuwa na unyoya. Ilikuwa nyekundu, ina vidonda, kama kamba wa baharini aliyevuliwa ganda. Mgongo wake una mabaka. Alikuwa amejibanza nyuma ya pipa, mguu mmoja juu.

"Jemadari," Mzee akaita. "Nani kamfanya hivi mwenzako?"

"Mimi sijui," akasema Jemadari. "Mimi nilikuwa nimefungua mdomo wangu, yeye akapitisha shingo."

"Pili, wewe?"

"Mimi nilikuwa namwangalia Jemadari."

"Kombo?"

"Mimi nilikuwa nashukuru Mungu si mimi."

Msicheke. Ndivyo walivyosema.

Mzee akafikiri. Siku ya kwanza akafanya anachokijua. Akapika pumba nzito, akatia dagaa, akawaita madume wote wanne kwenye sinia. "Kuleni pamoja," akasema, "mpatane." Akaenda zake barazani, moyo mweupe. Huku nyuma Jemadari akala. Pili akala. Kombo akadokoa. Zawadi alipoinama kidogo tu, alidonolewa kisogoni mpaka damu ikatoka.

Siku ya tatu akafanya la pili. Akamtoa Zawadi, akamfungia jikoni. Jioni akapita uani akakuta kimya, akafurahi. Kumbe kimya kile kilikuwa cha Kombo, amelala kifudifudi kwenye matope, Jemadari kamkalia mgongoni na Pili kamshika shingo. Nafasi ya kupigwa ilikuwa wazi, ikajazwa.

Siku ya tano akafanya la tatu. Akamrudisha Zawadi, akamfunika Jemadari kwa tenga, akaweka jiwe juu. "Fitina nimeikamata," akawaambia binti zake. Asubuhi akakuta Pili anatembea kifua mbele, sauti kaikaza kama Jemadari, na Zawadi yuko nyuma ya pipa.

"Pili, na wewe?"

"Mzee, kiti kilikuwa hakina mtu," akasema Pili. "Ningefanyaje?"

Alhamisi ikafika. Shingo ya Zawadi bado nyekundu. Sasa Mzee Ngwali, mpatanishi, mtu aliyefika Bukavu, akafanya jambo ambalo hata mimi, na haya zangu zote mnazozijua, ningelifanya. Akaenda mtaa wa pili akaazima bata dume mweupe, mnene, shingo imejaa manyoya. Akarudi naye kwapani, amemfunika kanga.

Akakutana na Mboja mlango wa uani, ana ndoo ya maji.

"Baba, huyo nani?"

"Huyu ni... huyu ni Zawadi wa kesho tu. Mama yako akishaondoka namrudisha. Mwanangu, nafanya kwa ajili yako, usije ukaondolewa."

Mboja akaweka ndoo chini. Akamtazama yule bata wa kuazima, akanyoosha manyoya ya shingo yake kwa kidole.

"Mzuri," akasema. "Na mimi, baba, wa kuniazimia mmempata?"

Mzee Ngwali hakuelewa. Akamtazama. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu harusi, akamtazama kweli: kola ya gauni imekuwa kubwa, bangili zimepanda mpaka karibu na kiwiko.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi nini? Chakula si kinapikwa?"

"Kinapikwa, baba. Nakipika mimi. Tunakula sinia moja, wanne, kama ulivyoamrisha. Mimi hutumwa maji, nikirudi hutumwa pilipili, nikirudi hutumwa chumvi. Nikikaa nakuta ukoko." Akainua ndoo yake. "Siku wifi mkubwa alipokwenda harusini Wete nilifikiri nitapumua. Wifi wa kati akakaa pale pale alipokuwa akikaa mkubwa."

Enyi wenzangu, mnajua wanaume wa siku zile walikula barazani na wanawake uani. Mzee Ngwali alikuwa amepatanisha nusu ya kijiji, na sinia la uani kwake hakuwahi kuliona likiliwa.

Akasimama. Bata wa watu anapiga kelele kwapani.

"Wale mabata," akasema, sauti imeshuka, "wewe unawaonaje?"

"Nawaona kila siku, nikitoa taka. Madume wanne, majike watatu, ua mmoja, sinia moja. Wanapigania majike, baba, na majike hawana raha, tazama migongo yao. Watenge. Madume peke yao, upande ambao hawawaoni majike. Na kila mmoja ale pake."

Mzee akamrudisha bata wa watu. Kisha akakata makuti, akasimamisha ua mrefu katikati, upande wa pili usionekane. Akamfunua Jemadari kwenye tenga. Majike huku, madume kule. Akaweka makopo manne ya pumba, pembe nne, na mabeseni mawili ya maji. Jemadari akazunguka upande wao mara moja, akazunguka mara mbili, akazunguka mara tatu. Akamwendea Zawadi. Zawadi akafumba macho.

Jemadari akasimama. Akageuka, akaenda kwenye kopo lake.

"Vipi leo?" Mzee akauliza.

"Nimpige, nani ananitazama?" akasema Jemadari. "Kazi bure."

Ijumaa Bi. Mize akafika, buibui limepauka kwa vumbi la njia. Hodi. Karibu mkwe. Maji ya kunywa akayakataa kwanza. Akasema, "Nipeleke kwa bata."

Mzee Ngwali akampeleka. Akamkamata Zawadi, akamgeuza shingo, akamwonyesha.

Bi. Mize akatazama muda mrefu.

"Mkwe, hii ni kazi ya mwaka mzima."

"Ni ya mwaka mzima. Mimi nimeiona wiki iliyopita."

"Na makopo haya?"

"Ni ya jana."

"Na mwanangu?"

Mzee angeweza kusema mengi. Alikuwa na ushauri wa miji mitatu kifuani. Akasema, "Yeye nilimwona jana hiyo hiyo."

Bi. Mize akashusha pumzi. Hakupiga kelele, hakutukana. "Angalau hukuniazimia bata," akasema, na Mzee akatazama chini. "Mwanangu nakwenda naye. Bata namwacha. Manyoya yakirudi yote, bila mtu kuyasukuma, mlete, mwanangu amwone. Kurudi au kutorudi ni lake yeye."

Mboja akafunga nguo zake kwenye mtandio. Mawifi watatu wakasimama mlangoni, kila mmoja akimtazama mwenzake aanze kusema samahani. Hakuanza mtu.

Jioni ile Mzee Ngwali alichukua mkeka wake barazani, akautandika uani, akaketi pamoja na binti zake. Haya zikawajaa. Wali ukapoa, hakula mtu. Siku ya pili akaketi tena. Wifi mdogo akalia. Siku ya tatu akaketi tena, na wifi mkubwa akasema, "Baba, tulikuwa hatujui kama ni vita. Tulidhani ndivyo nyumba inavyokwenda. Hata mimi nilifanyiwa hivi kwa mume wangu, kabla sijarudi."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nikanyamaza. Nikaja kumfanyia mwengine."

Mzee akaenda dukani akanunua sahani nne, na ya nne akaiweka juu ya kabati, safi, kila siku ikipanguswa vumbi.

Na Zawadi je? Wiki ya kwanza, ngozi tu. Wiki ya tatu, vijiti vidogo vyeusi-vyeusi kama ndevu za mtu aliyeahidi kunyoa. Mawifi wakampelekea dagaa kwa zamu, wakamwosha vidonda kwa maji ya chumvi, wakigombana nani kamshika vibaya. Wiki ya saba, shingo ikajaa manyoya meupe, mpaka chini ya kidevu.

Mzee Ngwali akamtia Zawadi kwapani, hakumfunika kitu. Akatembea mwendo wa asubuhi nzima. Akamkuta Mboja kwa mama yake, anapembua mchele. Bangili zimerudi kwenye vifundo vya mikono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea wako."

Mboja akampokea bata. Akapitisha vidole kwenye shingo, juu mpaka chini, akatafuta kovu. Akalipata moja, dogo, nyuma ya sikio.

"Hili halitaota unyoya," akasema.

"Halitaota," akasema Mzee.

Mboja akaketi, bata mapajani. Bi. Mize yuko kizingitini.

"Na wifi zangu?"

"Kila mtu na sahani yake. Maji anachota aliye karibu na mtungi. Wamenituma nikwambie mengi, nikawaambia waje wayaseme wenyewe. Wako njiani, nyuma yangu, wanatembea polepole kwa woga."

Mboja akainua macho, akatazama njia. Wakaonekana, watatu, viatu mikononi. Akawahesabu kwa macho, akampa mamaye bata amshikie, akaingia ndani. Walipobisha hodi alitoka na mkeka mkononi, akautandika, akasema, "Kaeni hapa kwanza. Semeni. Nikishasikia, nitajua kama nafunga nguo."

Nao wakakaa, wakaanza kusema, mkubwa kwanza. Jua likasogea kutoka mlango mpaka ukuta. Wali ulipoiva kila mmoja akapakuliwa chake, na Mboja, sahani yake mkononi, akasema, "Mama, nipe mtandio wangu wa kufungia."

Basi. Hapo ndipo nilipoikuta, nami hapo hapo naiacha. Mliyoipenda ni yenu, ondokeni nayo. Iliyowachoma ni yangu, nilianza kuchomwa mimi.

Imetua?

Imetua.