Pengo la Mkono Mmoja

Pengo la mkono mmoja huzuia jiwe la mikono mia.

Mmeyasikia maneno haya leo kwenye kikao cha wazazi, mkaniuliza yametoka wapi, maana hayamo katika vitabu vyenu vya methali. Hayamo kwa sababu si ya kale. Yalizaliwa hapa hapa Kirindani, katika milima ya Upare, Jumamosi moja kabla ya masika, nami nilikuwapo. Nitawaeleza niliyoyaona. Nisiyoyaona nitayaacha.

Wakati huo upande huu wa korongo haukuwa na shule. Watoto walivuka mto kwenda ng'ambo, na mvua zikianza mto ulijaa, wadogo wakabaki nyumbani hadi maji yapungue. Wako waliofika darasa la tatu hawajui kusoma majina yao. Halmashauri ikatoa ahadi: jengeni boma, kuta zifike usawa wa lenta, pale juu ya milango na madirisha, nasi tutaezeka na kuleta walimu. Mhandisi angekuja Jumatano kukagua. Akikuta kuta hazijafika, mabati yangekwenda kijiji kingine kilichokuwa tayari.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Mzee Mndeme, mtu mwaminifu ambaye hakuna aliyewahi kumtilia shaka kwa fedha. Aliomba kila mzazi achangie kwa hiari, na neno hilo hiari alilirudia mpaka likachosha. Wengi walitoa. Saruji ikanunuliwa, fundi akalipwa. Kikao kikaitishwa, akasoma majina ya waliotoa, akawaita "wenye shule", watu wakapiga makofi. Kisha akasema, "Waliokosa tusiwaguse. Mtu aliyekosa fedha tusimdai tena jasho. Msaragambo wa Jumamosi ni wa wenye shule peke yao."

Msaragambo, kama mjuavyo, ni kazi yetu ya pamoja, na hauanzi mpaka baragumu lipigwe. Mzee Mndeme alidhani amewahurumia maskini. Kikao kizima kilidhani hivyo. Hakuna aliyewauliza maskini wenyewe.

Mawe ya kumalizia ukuta wa mwisho yalikuwa chini korongoni. Shule iko juu. Katikati yake pana Mwambani, genge la mwamba lenye vituo vya kukanyagia vilivyochongwa na mababu, kila kituo kikitosha mtu mmoja. Mtu hawezi kulipanda genge hilo na jiwe mikononi, kwa sababu mikono ndiyo inayomshikilia. Njia ni moja tu: watu wasimame kwenye mstari kutoka chini hadi juu, jiwe lipite mkono kwa mkono.

Asubuhi baragumu lililia, wenye shule wakajipanga. Mawe yakaanza kupanda. Yalipofika Mwambani yakasimama. Kituo kimoja kilikuwa kitupu. Tulinyoosha mikono, haikufika. Tulimshusha mtu mmoja kutoka juu akakijaza, pengo likahamia juu. Tukamtoa mwingine chini, likahamia chini. Tulikwisha kujitandaza kadiri mikono ilivyoweza, na mstari haukuwa na mtu wa ziada. Kijana mmoja akajaribu kuruka kituo akiwa na jiwe. Jiwe lilimponyoka likaporomoka hadi mtoni. Yeye alinusurika kwa kushika mzizi. Baada ya hapo hakuna aliyejaribu tena. Upande wa kusini wingu lilikuwa limeshafunika vilele.

Mzee Mndeme mwenyewe alikuwa kwenye kituo cha chini ya pengo, jiwe kifuani, baragumu likining'inia shingoni, wala hana wa kumpa.

Kando ya genge hilo kuna shamba la maharage la mama mmoja aitwaye Navoneiwa, mjane, ambaye bintiye alikuwa darasa la kwanza ng'ambo ya mto. Jina lake halikusomwa kikaoni. Alikuwa akipalilia. Akaegemea jembe lake.

"Shikamoo, baba mwenyekiti."

"Marahaba, mama."

"Naona leo mmebeba mawe kama watoto wachanga. Hilo lako mbona hulilazi?"

Watu wakacheka kidogo, kwa uchovu.

"Mama, usitutanie," akasema mzee, jasho likimtiririka. "Tumepungukiwa na mtu mmoja. Wewe upo hapo. Njoo ushike kituo hiki."

"Baragumu liliita wenye shule. Mimi sina shule, baba. Nina mtoto tu."

Mzee akalisogeza jiwe kifuani.

"Tulikupumzisha," akasema. "Tulikuonea huruma."

"Najua. Ndiyo maana sikuja kugomba. Lakini nikiingia peke yangu, kesho itasemwa nililipia kwa jasho deni ambalo sikudaiwa. Tuko wengi tuliopumzishwa. Tuite wote, kama watu wanavyoitwa."

"Nipige tena baragumu? Leo hii?"

Hapo lazima niwaeleze jambo. Kwetu baragumu hulia mara moja kwa siku. Likilia mara ya pili, maana yake ni moto au mauti. Kila mtu huacha alichoshika na kukimbia.

"Wewe ndiye mwenye baragumu," akasema Navoneiwa.

Mzee Mndeme akaliweka jiwe miguuni. Akapiga.

Nimeishi miaka mingi, na sijaona tena kitu kama kile. Mteremko mzima ulifurika watu. Walitoka migombani, walitoka mashambani na majembe mikononi, vikongwe kwa mikongojo, hata watu wa kilima cha pili ambao hawakuwa na mtoto wala mjukuu wa kusoma hapa. Walifika wakihema, wakiuliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa," akasema mzee. "Nimewaita kwa sababu niliwaacha. Shule haipandi bila nyinyi. Sikuwaita kwa haki, kwa hiyo anayetaka kurudi nyumbani na arudi."

Bibi mmoja akasema, "Mndeme, umetukimbiza na mapafu haya, halafu unatufukuza? Sogea huko!"

Hakurudi hata mmoja; wakaingia mstarini, chini na juu ya genge.

Navoneiwa alivua kandambili, akapanda kwenye kituo kitupu, akanyoosha mikono. Mzee Mndeme akainama, akaokota lile jiwe, akampa. Akalipokea, akalipandisha. Likaenda.

Wapo wasimuliao kwamba siku ile mawe yaliruka. Hayakuruka. Nilikuwa mstarini na ninajua uzito wake. Lakini kutoka pale niliposimama niliona mlima wote ukisogea, na hakuna mguu uliosogea. Mawe yalipanda genge lile mfululizo, bila kelele, kama maji yaliyoamua kwenda juu. Hakuna aliyeimba. Nadhani tuliogopa kukivunja kitu tusichokielewa.

Ukuta ulipotimia fundi alipaza sauti, "Yatosha!" Korongo ni refu, na neno lile lilishuka kama mawe yalivyopanda, mtu akimwambia wa chini yake. Mpaka lifike mtoni, mawe mengine mengi yalikuwa yameshapanda. Ndiyo yaliyojenga nyumba ya mwalimu.

Jumatano mhandisi alikuta boma tayari, mabati na walimu wakaletwa kama ilivyoahidiwa. Masika yalipokolea, mto ulijaa kama kawaida yake, na binti wa Navoneiwa alikuwa darasani, upande huu.

Tangu mwaka ule Kirindani tunachangia shule kwa hiari, na majina hayasomwi. Mwenye nacho hutoa, asiye nacho huitwa vilevile, kwa baragumu lile lile. Pengo la mkono mmoja huzuia jiwe la mikono mia.