Shimo la Hamsini na Saba

Paukwa!

Pakawa!

Ah-ah. Watoto wameitikia, wakubwa mmenyamaza kama mmelipwa. Hadithi hii ni yenu zaidi kuliko yao. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Sogeeni basi.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa wasomi. Msicheke. Walikuwa na chuo chao katika bonde la Mtondooni, ndani ya pango kubwa la mawe. Waliandika kwa miiba juu ya magome ya miti. Na mbele ya pango palikuwa na chemchemi. Tiriri, tiriri, maji yalitoka mchana na usiku, na wanyama wote wa bonde walikunywa hapo.

Kila msomi alikuwa na jambo lake. Korongo alichunguza mvua. Aliruka juu, akatazama wingu, akashuka, akaandika. Kongoni alichunguza nyasi. Juu ya unyasi mmoja tu alijaza magome arobaini, na bado akasema hajaanza. Muhanga, mzee wa masikio marefu na pua ndefu, alichunguza udongo. Kazi yake kuchimba. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Alichimba shimo, akalitia namba, akaandika alichokikuta, akaliacha wazi vile vile, akaenda kuchimba jingine.

Na Kasuku? Kasuku hakuchunguza kitu. Kasuku alitoa maoni. Juu ya kazi ya nani? Ya yeyote. Aliisoma? Nyie nanyi, mbona mnauliza maswali magumu!

Sasa sikilizeni desturi zao. Ya kwanza, kila gome liliishia kwa maneno yale yale. Liwe la mvua, liwe la nyasi, liwe la udongo, mwisho wake ni huu: "Jambo hili lahitaji uchunguzi zaidi." Nikiwauliza gome liliishaje, mtanijibu. Gome liliishaje?

"Jambo hili lahitaji uchunguzi zaidi!"

Naam. Ya pili, magome yalipangwa kwenye rafu za mawe kwa miguu ya mwandishi. Wenye mabawa rafu yao. Wenye kwato rafu yao. Wenye makucha rafu yao. Na mwenye kwato hakusoma gome la mwenye mabawa. Hakukatazwa, ila ni aibu. Wenzake wangesema, "Huyu ameishiwa, sasa anaomba akili kwa ndege."

Chuoni hapo alikuwepo Pimbi. Mnyama mdogo, mnene mnene, hana mkia, miguu mifupi. Alikuwa na mama mzee asiyeona vizuri, na watoto wawili wasiotulia. Jambo alilolichunguza Pimbi lilikuwa, nisameheni, mavi.

Ndiyo, mavi! Ukoo wa pimbi hujisaidia mahali pamoja, babu na mjukuu, miaka nenda miaka rudi, mpaka panakuwa kichuguu kigumu kama jiwe. Pimbi alikivunja kipande kwa kipande. Akaona bibi yake alikula nini. Akaona bibi wa bibi yake alikula nini mwaka ule wa ukame mkubwa. Akaandika yote. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Maoni yangu," alisema Kasuku, "kazi hii inanuka."

Na rafu nazo zikamkataa. Nyayo za pimbi si kwato, si makucha, na mabawa hana. Aweke wapi gome lake? Wakamwambia aliweke chini, katikati ya pango. Akaliweka chini. Moyo ulimuuma, jamani, lakini akaliweka.

Aliyemjali alikuwa mmoja tu, Mzee Muhanga. Ndiye aliyemfundisha kushika mwiba. Ndiye aliyelisoma gome lake lote, akamwambia, "Mwanangu, umetazama vizuri. Endelea." Maneno hayo Pimbi aliyaweka moyoni miaka yote.

Siku zikaenda. Zikaenda. Ikafika asubuhi moja, chemchemi haisemi tena tiriri. Inasema ti... ti... ti. Baada ya wiki, ikanyamaza kabisa.

Nyati, mkubwa wa bonde, akaja pangoni na midomo mikavu. Akapiga kwato chini. Du! Du!

"Wasomi! Tumewalisha, tumewaheshimu, hatujawauliza kitu. Leo nauliza. Maji yamekwenda wapi? Nawapa siku tatu. Nikikosa jibu, siku ya tatu tunahamia mto wa mbali."

Wanyama wakubwa wakatikisa vichwa. Mto wa mbali ni mwendo wa siku nne, uwanda mtupu, hakuna jiwe la kujificha. Kongoni atafika. Korongo ataruka. Na Pimbi? Pimbi ana miguu mifupi, na juu ya uwanda ule tai wanazunguka kutwa. Mama yake hafiki. Watoto wake hawafiki. Akibaki, kiu. Akienda, tai. Pimbi alirudi nyumbani akawatazama watoto wake wanavyosukumana, akashindwa hata kuwakemea.

Mama yake alikuwa amekaa mwambani, akiimba kwa sauti ya kukauka. Tuimbe naye:

*Chemchemi, chemchemi, umekwenda wapi?*
*Wanangu wana kiu, umekwenda wapi?*

"Mama," Pimbi akasema, "chemchemi hii imewahi kukauka?"

"Mimi wa kuulizwa? Msomi si wewe?"

Pimbi akashtuka. Kweli, msomi si yeye? Akakimbia pangoni, akaokota gome lake chini, akasoma. Mwaka wa ukame mkubwa, bibi wa bibi alikula majani ya kando ya maji. Kwa hiyo maji yalikuwepo. Vizazi saba, chemchemi haijakauka. Gome likaishaje?

"Jambo hili lahitaji uchunguzi zaidi!"

Ndipo Pimbi akainua macho, akaziona rafu. Yeye hakuwa na rafu, basi hakuwa na wa kumcheka akisoma ya mwenzake. Akapanda rafu ya mabawa. Gome la Korongo: milimani mvua imenyesha mwaka huu kama mwaka jana, haikupungua. Gome likaishaje?

"Jambo hili lahitaji uchunguzi zaidi!"

Akapanda rafu ya kwato. Gome la Kongoni: ajabu, Uwanda wa Majivu, nyuma ya kilima, pasipoota kitu tangu dunia iumbwe, mwezi huu umeota nyasi mbichi. Likaishaje? Mnajua.

Pimbi akakaa chini. Mvua ipo. Chemchemi haijawahi kukauka. Nyuma ya kilima kumekuwa kijani. Basi maji hayajafa, maji yamehama! Lakini yamepita wapi?

Siku nzima ya kwanza akasoma. Siku ya pili akafika rafu ya makucha. Akayashusha magome ya mwalimu wake mmoja mmoja. Shimo la kwanza, mchanga. Shimo la ishirini, udongo mwekundu. Shimo la hamsini na sita, kokoto. Shimo la hamsini na saba...

Akasoma mara moja. Akasoma mara ya pili.

"Shimo la hamsini na saba, hatua thelathini juu ya chemchemi. Nimefika kwenye jiwe laini. Nimelitoboa. Chini yake ni uwazi, nimesikia upepo ukivuma. Nimeliacha, nimeanza la hamsini na nane. Jambo hili lahitaji uchunguzi zaidi."

Gome lile liliandikwa wiki moja kabla chemchemi haijanyamaza.

Pimbi alilibana gome kwapani akaenda kwa mwalimu wake. Alimkuta anachimba, kwaru, kwaru.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekushuka?"

Pimbi akamweleza. La mvua, la nyasi, la ukoo wake. Kisha akamwonyesha gome la mwisho. Muhanga akalisoma. Masikio yake marefu yakalala.

"Unasema ni mimi," akasema.

"Sisemi mimi, Mwalimu. Magome yanasema."

"Miaka ishirini nachimba! Hakuna anayejua udongo wa bonde hili kama mimi. Leo uje wewe na mavi yako unifundishe shimo langu? Toka! Toka mbele yangu!"

Pimbi akatoka. Machozi yalimtiririka njia nzima. Alimpenda mzee yule, na maneno ya mtu unayempenda hayasahauliki upesi.

Siku ya tatu ikafika. Baraza likajaa, ndimi nje. Nyati akaketi.

"Semeni."

Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akasema juu ya mvua mpaka jua likasogea. Kongoni akasimama, akasema juu ya nyasi. Walisema kweli, msidhani walikuwa wajinga. Kila neno lao lilikuwa la kweli, lilitafutwa kwa jasho. Lakini Korongo aliposema, Kongoni alikuwa akipanga maneno yake mwenyewe. Kongoni aliposema, Korongo alikuwa akijisafisha manyoya.

"Maoni yangu," akasema Kasuku, "wote wawili wamesema vizuri sana, isipokuwa yale waliyoyasema."

"Jibu!" Nyati akanguruma. "Nataka jibu! Hakuna? Basi tunahama. Fungasheni."

"Kraa!"

Sauti gani hiyo? Kraa! Kraa! Wote wakageuka. Pimbi amesimama katikati ya pango, mahali pale pale walipomwambia aweke gome lake.

"Msihame. Maji yapo." Na akasoma. Akasoma gome la Korongo, Korongo akashusha mguu wa pili. Akasoma gome la Kongoni, Kongoni akaacha kutafuna. Akasoma la kwake, na safari hii hakuna aliyecheka. "Kwa hiyo maji yamehamia nyuma ya kilima, chini ya ardhi kusikonyweka. Yamepita... yamepita..."

Akaliinua gome la nne. Akamtazama mzee aliyemfundisha kushika mwiba. Akajaribu kulisoma, akashindwa. Mtoto wake mmoja akamwita, "Mama?" Akalishusha gome.

"Yamepita wapi?" Nyati akauliza. "Hujui? Basi nawe ni wale wale. Tunahama."

Du! Du! Kwato zikaanza kugeuka. Mama mzee wa Pimbi akapapasa hewani akimtafuta mwanawe.

"Ngojeni."

Muhanga alikuwa amesimama. Akaja polepole mpaka katikati, akanyoosha kucha zake, akalitwaa gome kutoka mikononi mwa Pimbi. Akalisoma mwenyewe, kwa sauti, toka mwanzo mpaka mwisho.

"Shimo ni langu," akasema. "Jiwe nililitoboa mimi. Nilisikia upepo, sikujiuliza maji yatafanyaje. Nilikimbilia shimo la hamsini na nane. Huyu binti aliniambia jana, nikamfukuza, kwa sababu alikuwa amesema kweli."

Kasuku akafungua mdomo. Kasuku akafunga mdomo. Siku hiyo peke yake, tangu aanguliwe.

"Mbona tumesimama?" Muhanga akasema. "Njooni niwaonyeshe."

Wakapanda, hatua thelathini. Wakalikuta shimo, na ndani yake, kweli, maji yanaanguka kizani, chururu, chururu, yanakwenda zake upande wa pili. Muhanga akashuka mwenyewe. Nyati akasukuma mawe. Kongoni akaleta nyasi, za kubana vizuri anazijua yeye. Korongo akabeba udongo wa mfinyanzi kwa mdomo. Pimbi, kwa kuwa ni mdogo, akaingia kwenye nyufa akazishindilia. Tifu! Tifu! Wakaziba.

Wakarudi chini. Wakangoja. Kimya. Wakangoja. Nyati akaanza kukunja uso.

Ti.

Mmesikia?

Ti... ti... ti-ti... tiriri! Tiriri! Maji! Watoto wa Pimbi wakajitupa chubwi, na mama mzee akainama akanywa mpaka tumbo likamuuma, hakujali.

Muhanga alikaa mbali, hajanywa. Pimbi akajaza maji kwenye jani, akampelekea.

"Kunywa, Mwalimu."

"Nilikutukana, mwanangu. Nisamehe."

"Yalishapita. Kunywa kwanza, bado una mashimo mangapi ya kufukia?"

Mzee akacheka, na machozi humo humo, akanywa.

Baadaye wakazivunja rafu, wakayapanga magome yote pamoja. Je, wasomi waliacha kubishana? Wapi! Walibishana zaidi, maana sasa walikuwa wakisomana. Kasuku akashauri gome la shimo lile likwanguliwe, jina la mzee lisiharibike.

"Msiliguse," Muhanga akasema. Akachukua mwiba. Akafuta maneno ya mwisho, yale yale ya siku zote, mahali pake akaandika: "Hapa nilikosea. Aliyegundua ni mwanafunzi wangu, Pimbi." Kisha akaliweka mlangoni, kila anayeingia alione.

Basi funzo lake, watoto na wakubwa, ni hili: elimu ya kila mmoja ni kipande, hata kiwe kizuri namna gani, na kipande kimoja hakijazi kisima. Soma chako, usione haya kusoma cha mwenzako, hata yule unayemcheka. Na kosa likiwa lako, lisome wewe mwenyewe mbele za watu, kabla wengine hawajafa kiu.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipofika. Siongezi wala sipunguzi.