Mbweha na Kikapu cha Kumbikumbi

Paukwa!

Pakawa!

Aa-aa! Hiyo ni sauti au mnaugua? Na nyie watu wazima huko nyuma, msijifanye mmekuja kuwasindikiza watoto. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tunaelewana. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakioana na kuwaogopa wakwe kama sisi, palikuwa na Mbweha. Bwana huyu alijaliwa akili nyingi mno. Nani alisema? Alisema mwenyewe. Tena alisema kutwa kucha.

Mkewe akachoka kushiba maneno, akarudi kwao. Mbweha akabaki peke yake. Akakonda, akalia, maana alimpenda mkewe kweli, hilo tusimnyime. Akatuma watu kumwombea radhi. Mama mkwe akajibu: "Kesho namleta. Tukila tukashiba, anabaki. Tukikosa chakula, naondoka naye, na usithubutu kutufuata."

Sasa sikilizeni. Mvua ilikuwa imenyesha, kumbikumbi wametoka kichuguuni. Mbweha alikuwa amewakusanya, akawakaanga, wakajaa kikapu mpaka juu. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akatandika mkeka. Mbweha je?

"Kumbikumbi!" alisema. "Nimlishe mama mkwe wadudu? Kwetu mkwe hupewa firigisi. Mkwe asiyeona firigisi kwenye sahani anajua amedharauliwa. Nitamchinjia Kanga."

Kanga alikuwa jirani yake. Kanga ndege, wewe, si ile leso ya mama yako! Kumkamata kwa mbio Mbweha alishajaribu. Lakini Kanga ana miguu, na miguu ikichoka ana mabawa.

"Mbio ni za wajinga," alisema Mbweha. "Mimi nina akili. Hawa kumbikumbi watakuwa chambo."

Mnaona? Akili hiyo.

Asubuhi akachimba shimo. Chimba, chimba, chimba! Akalifunika kwa vijiti na majani, akamwaga baadhi ya kumbikumbi juu yake, akajificha kichakani. Kanga huyoo, anakuja kwa madaha. Akadonoa, do-do-do-do! Hakubakisha hata mmoja. Majani hayakutikisika, kwani Kanga ana uzito gani?

"Ahsante, jirani!" akaita kuelekea kichakani. "Ila chumvi imepungua."

Akaenda zake, kerere-kekeke!

Mbweha akatoka, amekunja uso. "Hili shimo lina kasoro gani?" Akalikanyaga ajaribu. Puu! Halikuwa na kasoro yoyote. Lilikuwa shimo zuri sana, refu, na chini lina matope.

Akapanda, akaanguka. Akapanda tena, akatoka. Mtu mwingine angetazama jua, akatazama kikapu, akarudi nyumbani. Mbweha akasema, "Akili ni mali," akatafuta kamba.

Akaupinda mti mchanga mpaka chini, akaufunga kamba yenye kitanzi. Katikati ya kitanzi akamwaga kumbikumbi, tena safari hii akatia chumvi. Ndiyo, akatia chumvi! Kanga akaja. Akaingia kitanzini, akadonoa, do-do-do-do, akatoka.

"Ahsante, jirani! Sasa chumvi imezidi."

"Haiwezekani!" Mbweha akaruka kutoka mafichoni. "Kitanzi kinanasa hivi! Mguu unaingia hivi, kamba inavutika hiv..."

Fyuuu! Mti ukanyooka. Mbweha huyo juu, kichwa chini, mkia umemfunika macho.

Kanga akarudi kumtazama. "Jirani, huko juu kuna upepo mzuri?"

"Napumzika," alisema Mbweha.

"Pumzika, baba, pumzika. Umefanya kazi sana leo."

Mpaka alipoitafuna kamba ikakatika na yeye akaangukia pua, jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Kikapuni walibaki kumbikumbi wa kufunika chini tu. Akawaza mkewe akiondoka tena, na safari hii harudi. Akaogopa. Lakini kurudi na kumbikumbi wachache hivyo? Aibu!

Akalala chali njiani, akajifanya maiti. Waliobaki wote akawamimina mdomoni, akaacha mdomo wazi. Kanga akija kudonoa, kapu! Amekwisha.

Kanga akaja. Akasimama pembeni. Hakudonoa. Alikuwa ameona jambo ambalo maiti haikuliona: harufu ya mafuta imewaita siafu, na siafu hawajui mzaha. Wakaingia mdomoni. Wakaingia puani. Wakaingia masikioni.

Maiti ikapiga yowe! Ikaruka, ikajibamiza kwenye mti, gwa! Ikatimua mbio mpaka nyumbani, inajikuna kwa miguu yote minne. Sijui ilikuwa ikikimbilia mingapi.

Nyumbani, mama mkwe ameshaketi mkekani. Mkewe yuko kando yake, amevaa vizuri, anatazama njia. Mbweha akatokea, ana matope, pua imevimba, kipande cha kamba mguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka vitani?"

Kabla hajajibu, sauti mlangoni. "Hodi wenyewe!"

Mdomo wa Mbweha, kwa mazoea, ukajibu, "Karibu!"

Loo! Karibu ikishatoka haimezwi tena. Kwao aliyekaribishwa ni mgeni, na mgeni haguswi hata unyoya. Akaingia Kanga, amenona, amebeba kikapu kitupu. Akapewa kigoda.

"Namrudishia jirani kikapu chake," alisema Kanga. "Kijana mkarimu sana huyu, mama. Amenilisha kumbikumbi tangu asubuhi."

Mama mkwe akakinusa kikapu. Akakinusa tena. "Kumbikumbi wa kukaanga," alisema polepole. "Tangu tulipotoka kwetu nimekuwa nikimwambia mwanangu, laiti tungewakuta kumbikumbi. Mkwe, umetuwekea wapi?"

Mbweha akafungua mdomo. Aseme nini? Aseme alitaka kumchinja mgeni, na mgeni huyo amekaa pale juu ya kigoda?

"Wamekwisha, mama."

"Basi umetuwekea firigisi?"

"Niliitafuta, mama, nikaikosa."

Mkewe akasimama. Machozi yalimlengalenga. "Ningekula kumbikumbi," alimwambia. "Ningekula nikashiba, nikabaki. Nani alikuomba firigisi?"

Wakaondoka, mama na mwana. Mbweha akalia kwa sauti, wala hakuona haya tena. Kanga akasubiri kidogo, kwa adabu, kisha akauliza, "Jirani, na chakula cha jioni ni saa ngapi?"

Na Mbweha hakuwa na la kumfanya, kwa sababu alikuwa ameshamwambia karibu.

Basi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: anayekidharau alicho nacho ili aonekane ana zaidi, hupoteza hicho pamoja na wale aliotaka wamwone. Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye mkwe nyumbani na akaangalie jikoni kuna nini.