Kisima cha Pima Kumi

Hapo zamani, zamani za watu kunywa mto mmoja na ng'ombe wao, mji wa Kitongani ulikuwa na sultani aitwaye Nasibu, mtu mwenye mipango mingi kuliko nywele zake. Basi siku moja akatangaza kwamba mji utachimbiwa kisima chenye kina cha pima kumi, na maji yapatikane kabla ya harusi ya binti yake.

Kazi ikaanza kwa kasi ya ajabu. Akateuliwa msimamizi wa majembe, msimamizi wa kamba, msimamizi wa ndoo, na mwingine wa kuwasimamia hao. Wote wakashonewa majoho. Alipokumbukwa mchimbaji, hazina ilikuwa imekwisha kwa majoho, ikawa kukamatwa Pandu, fukara mcheshi aliyelala barazani pa watu. Akapewa jembe na onyo: harusi ikifika bila maji, shingo yake ni halali ya upanga.

Pandu akaanza kuchimba karibu na msikiti. Alipofika pima moja, Waziri akamnong'oneza Sultani kwamba kisima kingependeza zaidi nyumbani kwake Waziri.

"Rai njema," akasema Sultani. "Kihamishwe!"

Pandu akahama, akachimba pima moja, akaja Kadhi na rai yake, njema vilevile. Kisha mke mdogo wa Sultani, kisha shemeji wa mke mdogo, na kila mwenye ulimi. Kina mama wakaendelea kuteka maji ya matope, watoto wakaharisha, na barazani watu wakapongezana kwa rai. Wallahi, inaudhi hata kuisimulia.

Siku ya harusi ikafika, Pandu akaburutwa mbele ya baraza, na mwenye upanga tayari kasimama.

"Ewe Pandu, kiko wapi kisima changu?"

"Kipo, Bwana wangu, Mungu akuzidishie umri. Pima kumi kamili. Ila hukaguliwa kwa miguu."

Sultani alipenda ukaguzi kuliko kazi, basi akainuka, na baraza zima likamfuata juani.

"Hii ni pima ya kwanza, ya msikitini," akasema Pandu, akainama kwa adabu. "Ile ni ya pili, kwa heshima ya Waziri." Wakazunguka mji mzima, shimo hata shimo. Walipofika la kumi, mbuzi wa Kadhi alikuwa amelala ndani, na ulimi wa Sultani umekauka.

"Maji! Nipeni maji!"

"Yako chini ya pima ya kumi, Bwana wangu, kama ulivyoamuru. Wasimamizi wakishazipanga pima hizi moja juu ya nyingine, nitakuchotea."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Sultani akamtazama mbuzi, akawatazama kina mama waliokuwa wakipita na mitungi vichwani, akaona haya, haya ya kweli.

"Waniaibisha, Pandu."

"Hasha, Bwana. Nimechimba kila nilipoambiwa."

"Basi tumalize lipi?"

"Lolote, Bwana, mradi liwe moja."

Sultani akamwondolea Pandu upanga, akamkalisha kwenye sinia la pilau ya harusi, kisha akaamuru wenye majoho wayavue na wenye rai washike majembe, wote waingie shimo la msikitini. Jua lilipopinda, Waziri, udongo umemjaa ndevuni, akainua kichwa kutoka chini, akasema ana rai.

"Rai njema," akajibu Sultani. "Ichimbe hukohuko."