Mwasumini wa Bwana Famau

Hapo zamani, na si zamani sana hata mniambie nawasingizia wafu, palikuwa na mji wenye bustani ndogo ya umma kando ya bahari, nyuma ya ukuta wa mawimbi. Ndogo kweli: ukipiga chafya langoni, aliyekaa mwisho kabisa anakuombea rehema. Watu waliiita bustani ya wote, na mnajua vya wote huishia wapi. Ila hii iliponea kwa ada moja. Ardhi ilikuwa ya wote, lakini kila mti ulikuwa na mlezi wake. Mlezi ndiye aliyeumwagilia, ndiye peke yake aliyeuchuma, na mlezi akifa, mlezi mpya ndiye aliyepeleka maua ya mti huo juu ya jeneza lake. Mlezi alikuwa mmoja. Si wawili, si ukoo.

Humo Bwana Famau alipanda mwasumini, akaufunga kwenye nguzo kwa utepe aliouchana kutoka kikoi chake. Kila alasiri alimchumia mkewe, Bi Mize, maua ya kikuba, kile kishada cha kuvaa kifuani. Hakuwa mtu wa maneno. Akishampa maua, amemaliza kusema.

Bwana Famau akafa. Asumini zake zikamfunika, na Bi Mize akaingia eda. Kabla mlango haujafungwa, aliwaita watu watatu: Kombo, mtunza bustani, Mwanatumu, bintiye wa pekee, na Zena, shoga yake tangu wakicheza kombolela. Akasema nao akiwa nyuma ya pazia.

"Mwasumini wa mume wangu sasa ni wangu kuulea, nami nimefungwa ndani. Nitunzieni. Nikitoka, mmoja wenu nitamfunga ule utepe mkononi, awe mlezi baada yangu. Kifua hiki hakinipi siku nyingi. Maua yaliyomfunika yeye nataka yanifunike na mimi."

"Tumesikia," wakajibu.

Eda haijafika nusu, bahari ikaruka ukuta. Lilikuwa bamvua, maji makuu yaliyosukumwa na upepo, na maji ya chumvi yakalala bustanini kama mgeni asiyeaga. Kombo alichota maji matamu ya kisima akayamimina shinani, akachota, akamimina, mpaka viganja vikachubuka. Mwasumini ukageuka rangi ya chai, ukafa.

Kombo akalia. Kisha akafuta machozi, akaenda uani kwake, akang'oa mwasumini aliouotesha mwenyewe, mkubwa, wenye maua, akaupanda pale pale. Akaufunga kwa utepe ule ule wa kikoi, fundo kama lilivyokuwa.

Mwanatumu naye, mti wa zamani ukingali na kitawi kimoja kibichi, alikwisha kukivunja kile kitawi. Alikichomeka katika kopo, akalificha kwa jirani. Visima vya mjini vilipoingia chumvi na maji ya kunywa yakawa ya kugombaniwa, alilinywesha kopo kwanza, kisha akanywa yeye.

Na Zena? Zena hakufanya kitu. Hakuwa na mkono wa kupanda; hata kitunguu kikikaa jikoni kwake kilioza kwa hofu. Kazi yake ilikuwa moja, kwenda kukaa na Bi Mize kila siku.

Kila siku Bi Mize aliuliza, "Mwasumini haujambo?"

Kombo alijibu kutoka mlangoni, "Haujambo, Bibi. Umechanua."

Mwanatumu alijibu, "Haujambo, mama."

Zena alijibu, "Leo joto, shoga. Nikupepee?"

Mji mzima ulijua, na mji mzima ulijibu haujambo. Watu wetu hawa! Kusema kweli wanakuona ni utovu wa adabu.

Siku ya kutoka eda ikafika. Bi Mize akaogeshwa, akafukizwa udi, akavishwa kanga mpya. Wanawake wakamsindikiza bustanini alasiri ile ile aliyozoea kungojea maua. Akaushika utepe. Akalipapasa fundo. Akaingiza uso katikati ya maua, akavuta pumzi ndefu, akasema kwa sauti ya mtu aliye ndani ya chandarua:

"Famau. Kumbe umeningoja."

Wanawake wakafuta machozi. Walijua, ndiyo maana wakalia kwa nguvu zaidi.

"Mize, acha," akasema Zena.

"Niache nini?"

"Kusema naye. Hayupo hapo. Mwasumini wake uliuawa na chumvi. Huu ni mgeni, amevishwa nguo za marehemu."

Bi Mize hakuyaachia maua, wala hakuyanusa tena.

"Kombo, mwanangu. Kweli?"

"Kweli, Bibi. Lakini uliniambia nitunze, na chumvi haikuniomba ruhusa. Ningekuachia shimo? Nilikupa mti wangu. Umefurahi leo, Bibi, kila mtu amekuona. Na siku yako ikifika, haya ndiyo maua yaliyopo. Mengine hakuna."

"Maua yapo!" Mwanatumu alikuwa amekwisha kukimbia na kurudi, kopo kifuani, anahema. Ndani mlikuwa na kijiti na majani machache. "Mama, huu ndio wenyewe, wa baba. Nilikuwa na kiu, ukanywa huu."

"Utachanua lini?"

Mwanatumu akamtazama Kombo. Kombo ndiye aliyejua.

"Mwakani, Bibi. Pengine mwaka wa pili. Mungu akipenda."

Bi Mize akakohoa, kikohozi kirefu, na wote wakangoja kiishe.

"Nawe Zena, una nini cha kunionyesha?"

"Sina."

"Hana!" akadakia Mwanatumu. "Hakumwaga hata tone. Kazi yake kukuliza siku ya kutoka eda, mbele za watu!"

"Sina kitu," akasema Zena. "Ila hawa wamekufanya mtoto mchanga, Mize. Mmoja kakupa cha kunyonya, mwingine kakuficha. Mimi nimekuona mtu mzima. Ungekufa unalishukuru jambo lisilokuwepo."

"Kwa nini hukuniambia zamani?"

"Niliogopa," akasema Zena. "Leo nimeogopa zaidi kunyamaza."

Bi Mize akalifungua fundo, taratibu, kwa kucha. Mwasumini wa Kombo ukainama kidogo kutoka kwenye nguzo. Utepe ukabaki kiganjani, umepauka, mfupi, hautoshi mikono miwili. Akawatazama: yule wa maua yaliyopo, yule wa maua yatakayochelewa, na yule asiye na maua.

Nanyi mnaonisikiliza, msiniambie wagawane, ada mmeisikia. Wala msiniambie wote walimpenda. Hilo analijua, ndiyo maana utepe ungali kiganjani mwake.

Je, nani alistahili kufungwa ule utepe?