Mpira wa Matambara kwa Mama

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa, tema! Hadithi hii ina hesabu, na mwishoni nitakuuliza wewe.

Palikuwa na ndugu watatu wa Taita. Wakesho, kifungua mimba, akirusha kitu hutua palepale kila mara. Mwakio, wa kati, hukata mkate katikati hata wenye njaa wasigombane. Mkamburi, kitinda mimba, ana kichwa cha hesabu na mdomo usiopumzika.

Mama yao alilazwa ghorofani kwa ugonjwa wa mapafu. Watoto hawaruhusiwi wodini, basi tangu masika walimwona dirishani tu, akipunga mkono. Jamani, kumwona mama usimguse, ni mateso! Wakakata mikono ya nguo zao, wakaisokota kuwa mpira, apate walau harufu yao. Mlinzi akasema, "Mtarusha mara moja. Ukianguka, nauchukua."

Na mama hana nguvu. Hataudaka mpira unaokuja kwa kasi. Sharti umfikie kileleni, pale unapoacha kupanda na haujaanza kushuka.

Mwalimu wao akatazama mirusho ya Wakesho uwanjani, akaandika: y = (x − 2)(10 − x) ÷ 4. "x ni mita kutoka mstari wa uwanja, y ni mita juu ya mkono wa Wakesho. Kilele kitafuteni wenyewe," akasema.

Wakesho akaitazama. "Kwenye mbili ni sifuri, kwenye kumi ni sifuri. Mita ya pili unatoka mkononi mwangu, ya kumi unarudi usawa uleule."

"Basi kilele ni katikati, kwenye sita," akasema Mwakio. "Dada, simama mita nne kutoka ukutani."

Mkamburi akaweka sita mahali pa x. Nne mara nne, gawa kwa nne. "Ni mita nne tu! Na dirisha liko mita tano juu ya mkono wa dada. Tutagonga ukuta!" Akavingirisha pipa tupu lenye kimo cha mita moja. "Panda hapa."

Wakesho akarusha. Mpira ukapanda, ukatulia mbele ya mama, naye akaudaka kwa mikono miwili. Akaukandamiza usoni, akalia.

Muuguzi akashuka. "Mama yenu amesema, aliyemfikishia mpira apande akamwone. Leo nitavunja sheria, lakini kwa mmoja tu."

"Mkono ni wangu," akasema Wakesho.

"Na pa kusimama nani alikuonyesha?" akauliza Mwakio.

Mkamburi, yule wa mdomo, hakutaja hata pipa. "Mimi namtaka mama," akasema, machozi yakimtoka.

Muuguzi ameshika mlango, na juu mama anasikiliza hatua ngazini. Je, wewe ungempitisha nani?