Ufunguo wa Pikapu ya Tangawizi

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini, ni zamani hii ya juzi ambapo meno yangu mawili ya mbele yalikuwa bado yapo, palikuwa na mwanamke mmoja mjinga aliyekuwa na pikapu. Mwanamke huyo ni mimi. Nimeanza na ujinga wangu mapema ili msije mkasema nimeuficha.

Kijiji chetu kiko juu mlimani na kazi yetu ni tangawizi. Gulio liko chini, tambarare, kila Jumanne. Katikati kuna barabara ya vumbi yenye kona kumi na tisa, upande mmoja mlima, upande wa pili hewa tupu. Gari lililoshuka barabara hiyo lilikuwa moja tu, pikapu niliyoachiwa na marehemu mume wangu, nyeupe kama maziwa yaliyolala siku mbili. Lisiposhuka, tangawizi inaozea kwenye viroba na kijiji kinakula majani. Kwa hiyo dereva alikuwa mtu mkubwa. Mimi nilikuwa nasalimiwa kabla ya mchungaji, na nilikuwa naitikia kama mtu aliyezaliwa na usukani mkononi.

Kila Jumanne nilipakia watu walewale. Mbele, kushoto kwangu, aliketi wifi yangu Naelijwa, dada wa marehemu, kiziwi tangu alipougua utotoni. Nyuma, juu ya viroba, walikaa wakulima kumi, na wakulima hao ndio kwaya ya kanisa letu. Pamoja nao alikaa mwalimu wao wa kwaya, Mzee Mchome. Hawakuwa na wakati mwingine wa kukutana wote, basi mazoezi waliyafanya humo humo garini, kona kumi na tisa za kushuka, kona kumi na tisa za kupanda.

Basi. Jumanne ya kwanza nikasikia mlio. Mmmmmm. Kama nyuki aliyefungiwa kwenye kibuyu. Gari likienda taratibu, unanong'ona. Likikaza mwendo, unakaza. Likisimama, kimya.

Mtu mwenye akili angesema gari lina kasoro. Mimi nikasema masikio yangu yamezeeka. Nikaenda zahanati.

"Bibi," nesi akaniuliza, "mlio unausikia wakati gani?"

"Nikiendesha gari."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani kimya."

Akachungulia sikio langu. "Bibi, una uhakika ni sikio?"

"Mwanangu, sikio ni langu au lako?"

Akanipa dawa ya matone.

Jumanne hiyo hiyo Naelijwa alivua kandambili, akabandika nyayo kwenye sakafu ya gari, akanigusa bega. Akaonyesha chini, upande wake. Akazungusha kidole, kisha akautikisa mkono kama mtu mwenye homa. Nami nikamwashiria: vumilia, tutasimama kwenye migomba ukajisaidie. Akanitazama kama unavyomtazama mbuzi aliyeingia kanisani.

Jumanne ya pili mlio ukazidi. Mmmmmm. Nikachemsha kitunguu saumu kwenye mafuta, nikatia sikio la kushoto, nikaliziba kwa pamba. Naelijwa akavua kandambili tena. Safari hii aliukamata mkono wangu wa kushoto akataka kuubandika sakafuni, nami niko katikati ya kona. Nikamchapa kofi la mkono. Unataka tuingie korongoni? Huko nyuma kwaya iliimba vizuri kuliko siku zote, na mimi nikajisemea, ama kweli watu hawa wamebarikiwa.

Jumanne ya tatu Naelijwa hakupanda. Alipakia kiroba chake, akaonyesha gurudumu, akaonyesha miguu yake miwili, akashika njia ya mkato. Nikawaambia wenzangu, "Wifi amenuna. Ukoo ule wote ni wa kununa, nimeishi nao miaka arobaini." Tukashuka bila yeye.

Kona ya kumi na moja, Mzee Mchome akapiga paa la gari kwa ngumi.

"Simamisha! Mama Tumsifu, simamisha!"

Nikakanyaga breki. "Kuna nini?"

"Wa sauti ya kwanza hawaifikii!"

"Hawafikii nini?"

"Sauti ya gari! Imepanda mno. Wiki iliyopita walikuwa wanaifikia."

Hapo ndipo siri ikatoka. Kinanda cha kanisa kilikuwa kimekufa, na mzee yule, wiki tatu nzima, alikuwa akichukua sauti ya kuanzia wimbo kutoka kwenye mlio wa gari langu.

"Umeusikia wiki tatu?" nikamuuliza.

"Wiki tatu."

"Na hukuniambia?"

"Mama, gari ni lako. Nilidhani unaujua."

Tukateremka. Ilinuka grisi iliyoungua, lakini upepo wa pale konani uliizungusha harufu, na magurudumu yote yalikuwa ya moto kwa breki za mteremko. Nikatamka kama hakimu, "Ni gurudumu la kulia. Nalisikia huku kulia."

"Ni la kushoto," akasema Mzee Mchome. "Tukikata kulia, gari linalalia kushoto, na sauti inapanda. Tukikata kushoto, inashuka. Nimezisikiliza kona zote."

"Wewe ni fundi?"

"Hapana. Na wewe?"

Kwaya ikacheka. Lakini mwenye gari ni mimi, tukapiga jeki upande wa kulia. Nikalishika gurudumu juu na chini, nikalitikisa. Imara kama kisiki. Tukahamisha jeki kushoto. Nikalishika juu na chini, nikalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Mama mmoja wa sauti ya pili akanyoosha mkono, akaichomoa ile pamba kwenye sikio langu, akaiinua watu wote waione.

"Mama Tumsifu, na hii je?"

Hawakucheka sana. Walikuwa wanatazama bonde.

Tukampigia simu fundi Senkondo, ambaye gereji yake iko gulioni. Akapanda kwa pikipiki na beringi mpya mfukoni. Mkiwa hamjui beringi, ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na katikati yake vijiti vinavyobingirika. Gurudumu lote linategemea hapo. Senkondo akaamkia, akatoa tairi, akabandua kikofia, akachomoa pini, akatia spana kwenye nati. Nati ikagoma. Akaiegemea kwa uzito wote mpaka ikapiga kelele. Halafu akachuchumaa, akaitazama ile nati.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Mama, nati hii niliikaza mimi. Ile Desemba nilipokubadilishia breki. Nilitaka isije ikalegea kwenye mteremko, nikaikaza kupita kiasi. Beringi haikazwi hivyo. Inajisaga yenyewe."

Hakuna aliyemuuliza. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angejua. Angeweza kuifungua, kuifunga, kunywa soda na kuondoka. Akazitoa beringi, maana kila gurudumu lina mbili, ya nje na ya ndani. Vijiti vilikuwa vimebadilika rangi kuwa bluu kwa kuungua, vingine vimemeguka.

"Tungefika gulioni?" nikauliza.

"Zimebaki kona ngapi?"

"Nane."

"Msingemaliza mbili."

Mama wa sauti ya pili akaketi chini barabarani, na vumbi lote lile.

Senkondo akagonga vikombe vya zamani, yaani ile pete ya nje ya kila beringi, vikatoka, maana alisema beringi mpya kwenye kikombe kilichochubuka ni kazi bure. Akagonga vipya. Akasindilia grisi kwa kiganja mpaka ikatokeza upande wa pili. Akakaza nati huku akilizungusha gurudumu, kisha akailegeza kidogo, akatia pini mpya. Alipomaliza ndipo Naelijwa akatokeza kwenye njia ya mkato, jasho linamtoka. Akaja moja kwa moja, akaweka kiganja kwenye gurudumu, akamwashiria fundi alizungushe. Likazunguka. Akaitikia kwa kichwa.

Na mimi hapo ndipo nikafanya la mwisho katika mambo yangu ya ajabu. Nikautoa ufunguo, nikauinua, nikasema mbele ya kwaya nzima, "Dereva anayetibu sikio badala ya gurudumu, ashuke. Leo nawarudisha nyumbani, kisha naacha. Mtu aliyetuokoa, ufunguo huu ni wake na gari ni lake, ili mradi tangawizi ya kijiji aishushe kila Jumanne." Nilisema nikilia. Mtu akilia hugawa vitu.

Nilidhani watanisihi. Watasema, hapana mama, kaa nao. Hakuna aliyenisihi.

Naelijwa alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Kijiji kizima tunaisoma mikono yake, tukitaka, na ilisema hivi: Mimi nilijua siku ya kwanza. Nilisema siku ya kwanza, nikasema siku ya pili, nikasema siku ya tatu. Trekta la chama cha ushirika naendesha mimi. Gari lilikuwa la kaka yangu. Ufunguo ni wangu.

"Ulijua," akasema Mzee Mchome, "ukashuka zako kwa miguu, ukatuacha sisi tupande. Hukumshika hata mmoja nguo ukamvuta. Tena honi utaisikiaje?"

Mikono ikamjibu: Na wewe uliyesikia ulifanya nini? Uliimba.

Mzee Mchome akakohoa. "Mimi ndiye niliyelisimamisha gari. Lisingesimama kona ya kumi na moja, sasa hivi mngekuwa mnatafutwa kule chini. Na mimi ndiye niliyejua ni gurudumu lipi, wakati huyu anapiga jeki la kulia. Gari la misheni nimeendesha miaka tisa bila kugonga hata kuku. Ufunguo ni wangu."

"Mzee wangu," akasema Senkondo, "ulilisimamisha kwa ajili ya watu, au kwa ajili ya wimbo?"

Mzee Mchome ni mtu wa kanisa, uongo humkwama. "Kwa ajili ya wimbo," akasema. "Lakini lilisimama."

Senkondo akafuta mikono kwa kitambaa. "Mmoja alijua, mmoja akasimamisha. Sawa. Gari likabaki bovu na ninyi mko konani. Aliyeliponya ni nani? Na kosa langu nimelisema mwenyewe, lilikuwa kosa ambalo ningeweza kulificha. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kumpa gari linalobeba watu. Ufunguo ni wangu."

Mikono ya Naelijwa haikuchelewa: Umetutibu ugonjwa uliotuambukiza wewe.

Kwaya ikapasuka mapande. Sauti ya kwanza wakasema ni Mzee Mchome. Sauti ya pili wakasema ni Naelijwa. Wanaume wakasema ni fundi, halafu wawili wakageuka wakasema ni Naelijwa, halafu mmoja wao akarudi kwa fundi kwa sababu anamtengenezea pikipiki. Wimbo wa Jumapili ile ulikuwa aibu.

Jumatatu asubuhi viroba vilikuwa vimeshonwa, vimepangwa uani kwangu kufika usawa wa dirisha, na tangawizi imeanza kutoka jasho. Wote watatu walikuwa mlangoni. Naelijwa amevua kandambili. Mzee Mchome amevaa shati la misheni. Senkondo amekuja na spana yake. Hakuna aliyemwamkia mwenzake. Mikono mitatu imenyooshwa, na ufunguo ni mmoja, na mimi nimesimama katikati kama kigingi.

Sasa semeni ninyi. Aliyelijua akaondoka? Aliyelisimamisha bila kukusudia? Au aliyeliponya baada ya kuliua? Na msiniambie nibaki nao mwenyewe. Hilo nililifikiria kabla yenu, nikaona haya, ingawa si nyingi. Gari ni moja, tangawizi inangoja, Jumanne ni kesho: je, kati ya hao watatu, ufunguo unamstahili nani?